Jinsi ya kuandika riwaya ya mpelelezi binafsi na siri za vita za Japani, bila kuzika dhahabu pangoni

Sasa wewe umeamka na wazo. Mpelelezi binafsi wa Tokyo anapewa kikazi kidogo cha kumtafuta mtu aliyepotea, anachimbachimba, anakutana na siri ya jeshi la Japani la enzi za vita kuu ya pili, watu wanaanza kufa mmoja mmoja. Wazo zuri tu. Shida ni kwamba wamelipata wengi kabla yako na karibu wote wakakimbilia sehemu ileile, dhahabu. Pango Ufilipino, masanduku, ramani iliyochanika nusu, jenerali aliyenyongwa akaondoka na siri yake. Mimi mwenyewe niliandika sura tatu za namna hiyo, nikaziacha wiki moja, niliporudi kuzisoma nikaona aibu peke yangu chumbani, nikafuta zote.

Dhahabu ina kasoro moja, ikipatikana stori imeisha, isipopatikana msomaji anaona katapeliwa. Angalia ile meli ya Awa Maru. Ilikuwa imepewa ruhusa ya kupita salama kwa sababu ilibeba misaada ya mateka wa vita, lakini tarehe 1 Aprili 1945 nyambizi ya Marekani ikaizamisha kwenye mlango bahari wa Taiwan, wakafa watu zaidi ya 2,000 akabaki mmoja tu. Uvumi ukaenea kwamba ilikuwa imejaa hazina, China wakahangaika kuiopoa kuanzia 1977 mpaka 1980, hazina hawakuiona. Sasa hapo kilichobaki cha kuandika sio hazina, ni wajane ambao kila mmoja anajiuliza mume wake alipanda meli gani na kwa kazi gani.

Kama dhahabu imekuganda kichwani kabisa, basi itumie kama utapeli. Japani kuna utapeli mmoja wa zamani wanauita mfuko wa M. Tapeli anamfuata bosi wa kampuni, suti safi, karatasi zenye mihuri, anamwambia kuna pesa za siri zimebaki tangu vita na enzi Wamarekani walipoitawala nchi, na wewe umechaguliwa kukopeshwa mabilioni ya yeni, ila tanguliza kamisheni. Wamelizwa watu wazito na elimu zao. Na ona hii ilivyokaa vizuri kwa riwaya, bosi aliyelizwa hivyo hawezi kwenda polisi, atasemaje? Ataenda kwa mpelelezi binafsi, usiku, atasema anamuulizia rafiki yake. Mteja tayari unaye, na tayari anadanganya.

Anza na anayeogopa, siri itakuja yenyewe

Watu wengi wanaanza na siri, halafu ndo wanatafuta nani wa kuificha. Geuza. Anza na mtu aliye hai, ana kitu cha kupoteza wiki hii, sio mwaka 1945. Daktari mstaafu ambaye hospitali inataka kuweka jina lake kwenye jengo jipya. Mtoto wa mwanajeshi anayegombea ubunge. Bibi ambaye mume wake kamwachia funguo moja na hajamwambia ya mlango gani. Ukishampata huyo unajiuliza swali dogo tu, karatasi gani ikitoka atalala macho?

Halafu piga hesabu ya umri kabla hujaandika hata sentensi moja, maana hapa ndo riwaya nyingi zinavunjikia. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1945 alikuwa na 23 mwaka 1948, alikuwa na 51 mwaka 1976, alikuwa na 64 mwaka 1989, na leo kama yupo kapita mia. Kwa hiyo ukiweka stori leo halafu ukaleta mzee wa kikosi anayekimbizana kwenye ngazi za treni, msomaji anafunga kitabu. Stori ya leo inabidi iwe ya wajukuu. Na hilo linawezekana vizuri kabisa, mwaka 2018 Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Japani ilitoa orodha ya majina 3,607 ya waliotumikia Kikosi 731, kile kitengo cha siri cha jeshi kilichofanyia wafungwa majaribio ya magonjwa. Mjukuu anapitisha kidole kwenye orodha, anakuta jina la babu ambaye familia nzima inajua alikuwa tu daktari wa kijeshi wa kutibu mafua.

Ila mimi ukiniuliza mwaka mtamu kuliko yote nitakwambia 1989. Tarehe 7 Januari Mfalme Mkuu Hirohito akafariki, enzi ya Showa iliyoanza 1926 ikafungwa, wazee wa vita wakawa ndo kwanza wanastaafu, bado wana nguvu, wana vyeo, wana marafiki serikalini. Afu Julai mwaka huohuo, mtaa wa Toyama, Shinjuku, katikati kabisa ya Tokyo, mafundi wanachimba msingi wa taasisi ya utafiti wa afya ya serikali wakakutana na mifupa ya watu. Sio mmoja wawili, zaidi ya mia. Eneo lile wakati wa vita lilikuwa chuo cha madaktari wa jeshi, alipokuwa na maabara Shiro Ishii, yule daktari mkuu wa Kikosi 731. Baadhi ya mafuvu yalikuwa na alama za kukatwa na kutobolewa. Hebu niambie, mpelelezi wako unampeleka wapi kwingine?

Mwaka mwingine ni 1948, na hapa inabidi nisimame kidogo maana tukio lenyewe ni somo zima. Tarehe 26 Januari 1948, benki ya Teikoku tawi la Shiinamachi, Tokyo, wameshafunga milango mchana wanahesabu hela. Anaingia bwana mmoja wa makamo, mpole, ana kitambaa cha idara ya afya mkononi. Anasema kuna kuhara damu mtaani, Wamarekani wameagiza kila mtu anywe dawa ya kinga. Anawapangia vikombe vya chai. Anawaonyesha jinsi ya kunywa, yeye mwenyewe anatangulia, anasema dawa inaunguza meno kwa hiyo wameze harakaharaka, wasubiri kidogo, halafu wanywe ya pili. Watu 16 wakanywa kwa pamoja kama wanafunzi mstarini. Wakafa 12. Akaondoka na yeni kama 160,000 na hela nyingine akaziacha mezani.

Polisi walianza kuwasaka waliokuwa vitengo vya siri vya jeshi, maana ule utulivu na ule ufundi wa kupima sumu haukuwa wa mtu wa kawaida. Lakini aliyekamatwa ni mchoraji, Sadamichi Hirasawa, na kilichompeleka huko ni kadi ya jina. Kwenye jaribio la awali benki nyingine, mtu yule aliacha kadi ya daktari wa kweli kabisa, na daktari yule alikuwa na tabia ya kuandika kila anayebadilishana naye kadi. Polisi wakazifuata kadi moja moja. Hirasawa aliwahi kupewa moja, akasema yake iliibiwa pamoja na pochi. Akahukumiwa kifo, hakuna waziri wa sheria aliyesaini anyongwe, akafia gerezani 1987 akiwa na miaka 95, na mpaka leo wapo wanaoamini hakuwa yeye.

Ona vitu vyenyewe vilivyobeba stori hiyo. Vikombe vya chai, kitambaa cha mkononi, kadi ya jina. Hakuna bastola hapo. Ukitaka kutumia tukio la kweli kama hili usimchukue mtu wa kweli ukamfanya muuaji wako, familia zipo. Buni benki yako, buni daktari wako, ile hofu ndo uiazime.

Siri yenye kitu cha kushika mkononi

Siri nzuri kwa mpelelezi ni ile iliyoacha kitu. Majaribio ya kutisha peke yake hayatoshi, inabidi kuwe na mchanga, karatasi, noti, mfupa, mtu akikiweka mezani, mezani pakanyamaza.

Mfano kisiwa cha Okunoshima, mkoa wa Hiroshima. Kuanzia 1929 jeshi lilitengeneza gesi ya sumu pale na kisiwa kikafutwa kwenye ramani. Kimefutwa kweli, ramani inaonyesha bahari. Leo watalii wanaenda kulisha sungura, kimejaa sungura, na makumbusho ya gesi yalifunguliwa 1988. Sasa mpelelezi wako anapewa ramani mbili za eneo moja, moja ina kisiwa moja haina. Huna haja ya kueleza chochote kwa kurasa kumi, msomaji keshashtuka.

Au maabara ya Noborito, Kawasaki. Hawa walikuwa wanatengeneza noti bandia za China ili kuvuruga uchumi wa huko, sumu za majasusi, na yale maputo ya mabomu. Leo ni chuo kikuu, Meiji, kampasi ya Ikuta, na kuna kamakumbusho ndani ya jengo lilelile la zamani kalikofunguliwa 2010. Maputo nakushauri uyasome vizuri. Yalikuwa ya karatasi ya kienyeji ya washi, yamegandishwa kwa ute wa kiazi cha konnyaku, wasichana wa shule ndo walikuwa wanabandika. Kati ya Novemba 1944 na Aprili 1945 waliyaachia kama 9,300 yaende na upepo wa juu mpaka Marekani, tarehe 5 Mei 1945 moja likaua watu sita Oregon, mama mjamzito na watoto watano waliokuwa wameenda pikniki.

Sasa kipande cha kipelelezi chenyewe ni hiki, maputo yalibeba vifuko vya mchanga kama uzito wa kusawazisha. Wanajiolojia wa Marekani wakachukua ule mchanga, wakautia kwenye hadubini, wakaangalia madini yake na visalia vya viumbe vidogo vya baharini, wakaona hauna matumbawe, wakaondoa ufukwe baada ya ufukwe mpaka wakabaki na michache tu ya mashariki ya Honshu. Bila kukanyaga Japani! Mi nilipoisoma hiyo nilijua nimekuwa mvivu, nilikuwa nampa mpelelezi wangu ushahidi wa kupigiwa simu na mtu asiyejulikana. Kila ukitaka kuandika simu ya mtu asiyejulikana, weka mchanga.

Kikosi 731 chenyewe ndo kila mtu anakijua kwa mbali, kwa hiyo kuwa mwangalifu. Kambi ilikuwa Pingfang, karibu na Harbin, Manchuria. Jina rasmi lilikuwa la kinyonge kabisa, idara ya kuzuia magonjwa na kusafisha maji, na watu wa jirani walielezwa kwamba pale ni kiwanda cha mbao. Ndo maana wafungwa waliofanyiwa majaribio wakaitwa maruta, yaani magogo. Agosti 1945 Warusi walipoingia, wafungwa waliobaki wakauawa na majengo yakalipuliwa. Hilo neno magogo ukilitumia, litumie mara moja, sehemu moja, kwenye mdomo wa mtu anayelitamka bila kujisikia vibaya. Ukilirudiarudia linakuwa pambo, na wale watu zaidi ya elfu tatu sio pambo la riwaya yako.

Mpelelezi wako hana bunduki

Hili sitalizungusha. Japani raia hatembei na bastola, mpelelezi binafsi hana mamlaka yoyote zaidi ya wewe na mimi, na kazi zake za kila siku ni kufuatilia waume wachepukaji, kuchunguza mchumba kabla ya harusi, kutafuta mdaiwa aliyehama usiku. Tangu Juni 2007 kuna sheria inamtaka ajisajili kwa tume ya usalama ya mkoa, kabla ya hapo hakukuwa na sheria maalum ya kazi hiyo. Kwa hiyo wa 1989 yupo huru zaidi na ananuka zaidi, watu wanamwona kama mbeya anayelipwa. Itumie hiyo dharau. Mlangoni anaachwa amesimama na viatu vyake, hakaribishwi ndani.

Silaha yake kubwa ni rejista ya familia, koseki. Kila familia ina yake, ndani kuna ndoa, talaka, watoto wa kupanga, vifo, vyote. Mpaka 1976 mtu yeyote angeweza kwenda ofisi ya manispaa akaomba kuiona ya mwingine, baada ya hapo mlango ukafungwa, na wapelelezi wakaanza kuipata kwa njia za panya. Riwaya ya 1970 na riwaya ya 1980 kwa hiyo hazina upelelezi mmoja, ya kwanza anapanga foleni dirishani, ya pili anamhonga mtu au anaghushi barua ya wakili, na hapo tayari umempa dhambi yake mwenyewe.

Na kuna tundu moja tamu sana. Vita vya Okinawa, Aprili mpaka Juni 1945, viliteketeza karibu rejista zote za kisiwa kizima, ikabidi ziandikwe upya baada ya vita kwa kutegemea maelezo ya watu wenyewe. Mtu aliyetaka kuzaliwa upya, jina jipya, kijiji kipya, wazazi waliokufa wote, mlango ulikuwa wazi. Mimi ningekuwa nimeamua kuandika muuaji wa benki, angetokea hapo.

Karatasi ndo uwanja wa mapambano

Hapa tukae kidogo, maana ukipaweza hapa riwaya yako itaonekana imeandikwa na mtu aliyeishi huko miaka.

Wajapani kwenye karatasi rasmi wanahesabu mwaka kwa enzi ya mfalme. Showa 20 ni 1945, unajumlisha 1925 unapata mwaka wetu. Sasa Hirohito alikufa 7 Januari 1989, kesho yake ikaanza Heisei 1. Kwa hiyo mwaka wa 64 wa Showa una siku saba tu. Fikiria mzee mmoja anamwonyesha mpelelezi risiti ya kuthibitisha kwamba mwezi Machi aliuza nyumba yake ya mlimani, wala hahusiki na kilichokutwa chini ya sakafu mwezi Mei.

"Samahani kwa usumbufu, sensei. Hii risiti uliiandika mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Siku hiyohiyo ya mauzo?"

"Siku hiyohiyo." Mzee alisogeza kikombe cha chai kidogo upande wa kushoto, akakirudisha.

"Imeandikwa Machi, mwaka wa 64 wa Showa."

"Ndiyo."

"Machi tulikuwa tayari kwenye Heisei, sensei."

Mzee hakuangalia karatasi. Aliangalia kalenda ukutani, kama mtu anayetafuta ni siku gani alikosea.

Unaona kilichotokea? Risiti haijaghushiwa baada ya tukio, imeandikwa kabla. Mzee aliiandaa Desemba, mfalme akiwa bado mgonjwa kitandani, akaiwekea tarehe ya mbele akajua mambo yatakuwa yaleyale. Historia ya nchi nzima ikamkamata kwa tarehe. Dokezo la namna hiyo huwezi kulihamishia nchi nyingine yoyote, na ndo kipimo changu siku hizi, dokezo likikubali kuhamia Paris bila kubadilika basi bado halijaiva.

Yapo mengine. Nyaraka rasmi za jeshi enzi za vita ziliandikwa kwa kanji, zile herufi zenye asili ya Kichina, na katakana, herufi za sauti zenye kona kali, wakati hiragana, herufi za sauti zenye mikunjo, ilikuwa ya barua za nyumbani na vitabu. Baada ya vita serikali ikabadilisha, tahajia mpya 1946, maumbo mepesi ya kanji 1949. Ile herufi ya nchi, kwa mfano, kwenye chapa za zamani imejaa mistari ndani ya boksi kama kabati lililopangwa vibaya, ya sasa ni nyepesi. Mtu anayeghushi amri ya jeshi ya 1943 akiwa na mashine ya chapa ya 1985 atateleza hapo. Mstari wa kulalia nao, mabango na vichwa vya habari vya zamani vilisomwa kulia kwenda kushoto. Ila usimfanye mpelelezi wako agundue vyote yeye peke yake kama komputa, mpeleke Jimbocho, ule mtaa wa Tokyo wa maduka ya vitabu vya mitumba, akamkute muuzaji mzee anayeishika karatasi, anainusa, anasema bei yake, halafu anasema hii ni takataka.

Tena Jimbocho sijaitaja kwa urembo. Miaka ya 1980 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alikuta karatasi za majaribio ya kijeshi kwenye duka la vitabu vya mitumba Tokyo. Na Januari 1992 profesa Yoshiaki Yoshimi alitangaza nyaraka zilizoonyesha mkono wa jeshi kwenye suala la wanawake waliolazimishwa kuhudumia askari kingono, alizikuta wapi, kwenye maktaba ya idara yenyewe ya ulinzi, rafuni. Baada ya tangazo la mfalme la 15 Agosti 1945 maofisi ya Tokyo yalichoma nyaraka siku nyingi kabla Wamarekani hawajafika, moshi unaonekana mtaa mzima, lakini mtu akichoma kwa haraka anasahau nakala ya pili. Nakala ya pili ipo kwa karani. Tafuta karani wako.

Na mihuri! Huko kwa miaka mingi karatasi nyingi hazikusainiwa, ziligongwa muhuri wa jina, wino mwekundu. Muhuri unaibika, unarithiwa, unavunjika kona moja halafu ile kona iliyovunjika inaonekana kwenye kila karatasi iliyogongwa baada ya hapo. Sihitaji kukumalizia.

Hela pia. Februari 1946 serikali ilibadilisha noti, za zamani zikafa ndani ya wiki chache na akaunti za benki zikafungiwa. Ukikuta bahasha ya noti za zamani nyuma ya ukuta, aliyeziweka hakuwahi kuzirudia kwa wakati, au alikufa kabla, au alikuwa kafungwa mahali.

Adui na mwisho

Usiweke chama cha siri cha wazee kumi na mbili kwenye chumba chenye giza. Ukweli una kutisha kwake kwa kawaida tu. Wamarekani waliwapa Ishii na wenzake kinga ya kutoshtakiwa ili wapate matokeo ya majaribio. Ishii akafa 1959 kwa saratani ya koo, hajapanda kizimbani hata siku moja. Warusi wao waliwashtaki 12 huko Khabarovsk Desemba 1949, wakachapisha kitabu cha kesi nzima kwa lugha kadhaa, na nchi za magharibi zikasema hizo ni propaganda tu. Yaani siri ilikuwa imechapwa, ina jalada, inauzwa, na hakuna aliyeiamini. Kwa mwandishi hiyo ni zawadi, adui wako hana haja ya kuua mtu ili afiche kitabu, inatosha kila mtu aendelee kukicheka. Halafu siku mmoja anaacha kucheka.

Kwa hiyo mwisho wa "tumepeleka faili gazetini, dunia ikashtuka" haubebi kitu. Mwaka 2002 mahakama ya Tokyo ilikubali kwamba vita vya vijidudu China vilifanyika kweli, na wakati huohuo ikakataa fidia kwa walalamikaji. Soma hiyo mara mbili. Mwalimu Saburo Ienaga alipambana mahakamani na wizara kuhusu vitabu vya historia kuanzia 1965 mpaka 1997, kwenye hukumu ya mwisho ndo wakamkubalia kwamba kufuta habari za Kikosi 731 kwenye kitabu chake ilikuwa kinyume cha sheria. Miaka 32! Na kumbuka huyo ni Mjapani, kama walivyo Wajapani manesi na askari wa zamani waliojitokeza kusema. Ukiwaandika Wajapani wote kama ukuta mmoja wa kuficha, umeandika vibaya na umeandika uongo.

Mwisho wako basi uwe wa bei. Mpelelezi kapata karatasi, sasa anaweza kumpa mteja aliyemlipa, anaweza kumpa binti wa aliyekufa, anaweza kuiweka kwenye duka la mitumba Jimbocho kwa yeni 500 aone nani atainunua. Kila njia inamuumiza mtu mmoja aliyemzoea. Chagua moja usiirembe.

Kwa utafiti huna haja ya nauli. Kituo cha nyaraka za historia ya Asia cha Japani kipo mtandaoni tangu 2001, bure, makaratasi ya jeshi yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa, hata usiposoma Kijapani angalia tu mihuri, angalia pembeni palipoandikwa kwa mkono. Kama utasafiri, nenda Ikebukuro ukasimame chini ya Sunshine 60, ghorofa ndefu lililo kwenye eneo la maduka na samaki wa maonyesho, limejengwa juu ya gereza la Sugamo waliponyongwa viongozi saba wa vita tarehe 23 Desemba 1948. Pembeni kuna bustani ndogo na jiwe. Watu wanakula aiskrimu pale. Mpelelezi wangu mpya nimempangia akutane na mteja kwenye benchi lile, saa nane mchana, na mteja anachelewa.

Ukikwama kabisa sura ya kwanza, weka bahasha mezani, ndani yake kitu kimoja tu kati ya hivi, ramani isiyo na kisiwa, noti iliyokufa, kijiko cha mchanga, kadi ya jina ya mtu aliyezikwa. Mteja asijue ni nini. Mpelelezi naye asijue mpaka ukurasa wa arobaini, ila ajue kwamba mteja wakati anaisukuma bahasha ile alitumia kucha, hakutaka kidole kiiguse.